Dk Starzl na ini: Kwa nini kiungo kipya pekee hakikutosha kuishinda saratani

Machi 1, 1963, katika mji wa Denver, jimbo la Colorado nchini Marekani, daktari wa upasuaji Thomas Starzl alifanya jambo ambalo halikuwa limewahi kufanywa kwa binadamu. Alitoa ini la mtoto wa miaka mitatu aliyezaliwa na mirija ya nyongo isiyokamilika, akajaribu kuweka mahali pake ini la mtu aliyefariki. Damu ilitoka bila kukatika. Mtoto yule alifia mezani kabla upasuaji haujamalizika.

Leo upandikizaji wa ini ni tiba inayofahamika duniani, na maelfu ya wagonjwa huipata kila mwaka. Kati ya siku ile na leo kuna zaidi ya nusu karne ya utafiti, vifo vingi, na daktari mmoja ambaye hakukubali kuacha swali lake bila majibu.

Ninaieleza safari hiyo kwa sababu kuna swali ambalo ndugu wa wagonjwa wa saratani ya ini huliuliza mara kwa mara: “Daktari, kama ini limeharibika, kwa nini lisitolewe lote likawekwa jingine?” Ni swali la msingi. Dk Starzl naye aliwahi kudhani kwamba jibu lake ni rahisi. Wagonjwa wake ndio waliomfundisha kwamba sivyo.

Kiungo kisicho na mbadala

Ini la mtu mzima lina uzito wa takriban kilo moja na nusu. Limekaa upande wa kulia wa tumbo, chini ya mbavu. Hutengeneza nyongo, huchuja sumu, hutunza sukari ya akiba, na hutengeneza protini zinazoifanya damu igande mtu anapojikata.

Kazi hiyo ya mwisho ndiyo iliyowatesa madaktari wa mwanzo. Mgonjwa anayehitaji ini jipya tayari ana ini lisilotengeneza protini hizo za kutosha, hivyo damu yake haigandi vizuri. Wakati huohuo, ini limeshikana na mishipa mikubwa kuliko karibu yote ya tumboni. Hupokea damu kwa njia mbili: mshipa wa ateri unaotoka upande wa moyo, na mshipa mkubwa unaoleta damu kutoka kwenye utumbo. Nyuma yake hupita mshipa mkuu unaorudisha damu ya nusu ya chini ya mwili kwenye moyo. Ukitaka kulitoa, lazima uibane mishipa yote hiyo, uikate, kisha uiunge upya.

Mgonjwa wa figo anaweza kusubiri kwa kusafishwa damu kwa mashine. Kwa ini hakuna mashine ya namna hiyo inayoweza kumtunza mgonjwa kwa miaka. Ini la zamani likishatoka, jipya lazima lifanye kazi siku hiyohiyo.

Mtoto wa mhariri na muuguzi

Thomas Earl Starzl alizaliwa Machi 11, 1926, katika mji mdogo wa Le Mars, jimbo la Iowa. Baba yake alikuwa mhariri wa gazeti la hapo, ambaye pia aliandika hadithi za kubuni za kisayansi. Mama yake alikuwa muuguzi, na alifariki kwa saratani ya matiti mwaka 1947, kijana wake akielekea kuanza masomo ya udaktari.

Alisoma Chuo Kikuu cha Northwestern mjini Chicago na kuhitimu mwaka 1952 akiwa na shahada mbili kwa mpigo: ya udaktari wa tiba, na ya uzamivu iliyohusu utendaji wa ubongo. Baada ya hapo alijifunza upasuaji Baltimore na Miami. Huko ndiko ini lilipomteka. Alitaka kujua damu inayotoka kwenye kongosho na utumbo inabeba nini ambacho ini linakihitaji. Ili kulichunguza, ilimbidi ajifunze kulitoa ini kwa mbwa wa maabara na kuliweka jingine.

Aliporejea Chicago mwaka 1958 kazi hiyo ikawa mradi wake mkuu. Mbwa wengi walikufa mezani au siku chache baadaye. Hatua kwa hatua alijifunza kuipitisha damu pembeni kwa mirija wakati mishipa imebanwa, kulipoza ini kabla ya kuliweka, na kuunga mishipa kwa mpangilio unaofaa.

Utafiti ule wa kongosho nao haukupotea. Miaka ya baadaye yeye na wenzake walionyesha kwamba insulini inayofika kwenye ini kupitia mshipa wa utumbo ni miongoni mwa vitu vinavyoliwezesha ini kuwa na afya na kukua upya baada ya kukatwa.

Figo zilimfungulia mlango

Alipohamia Chuo Kikuu cha Colorado mwanzoni mwa miaka ya 1960, tatizo kubwa halikuwa kisu tena. Lilikuwa kinga ya mwili. Askari walewale wanaotukinga dhidi ya vijidudu hukitambua kiungo cha mtu mwingine kuwa mgeni, wakakishambulia.

Dk Starzl alianza na figo. Alitumia dawa ya azathioprini pamoja na steroidi, na mwaka 1963 akachapisha matokeo yaliyowashangaza wengi: mwili unapoanza kukataa figo mpya, dozi kubwa ya steroidi inaweza kuyazima mashambulizi hayo, figo ikarudi kufanya kazi. Kabla ya hapo wengi waliamini kwamba kiungo kikianza kukataliwa, basi kimekwisha.

Mchanganyiko huo ulienea katika vituo vingi vya kupandikiza figo. Hadi leo kanuni ya kuunganisha dawa zaidi ya moja ndiyo inayotumika, pamoja na hapa kwetu, ambako Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza figo Novemba 2017.

Mwaka wa misiba na miaka ya kimya

Kwa matumaini yaliyotokana na figo, timu ya Denver iligeukia ini. Baada ya kifo cha yule mtoto wa kwanza, wa pili alikuwa mwanamume wa miaka 48 mwenye saratani ya ini, aliyepandikizwa Mei 1963. Safari hii damu ilidhibitiwa, na ini jipya likafanya kazi. Aliishi siku 22. Dawa alizopewa ili damu igande zilisababisha mabonge ya damu kwenye mirija iliyotumika kuipitisha damu pembeni, na mabonge hayo yakaenda kwenye mapafu.

Hakuna mgonjwa wa ini wa mwaka ule aliyevuka siku 23, iwe Denver, Boston au Paris. Dk Starzl akasimamisha upasuaji huo kwa zaidi ya miaka mitatu, akarudi maabara.

Julai 23, 1967 alijaribu tena, akiwa ameongeza dawa ya tatu ya kushusha kinga. Mgonjwa alikuwa mtoto wa kike wa miezi 19 mwenye saratani ya ini. Ini jipya lilikubali. Mtoto akarudi nyumbani, akakua, akacheza. Alikuwa binadamu wa kwanza kuishi zaidi ya mwaka mmoja akiwa na ini la mtu mwingine.

Alifariki baada ya siku 400. Hakufa kwa kukataliwa ini, wala kwa kutokwa damu. Saratani ilirudi na kusambaa mwilini.

Saratani iliyotangulia kutoka

Mwanzoni madaktari wengi waliona kwamba mgonjwa wa saratani ndiye anayefaa zaidi kupandikizwa. Hoja ilionekana haina upinzani: ugonjwa uko ndani ya ini, ini lote linatolewa, basi ugonjwa umetoka nalo.

Wagonjwa walionyesha vingine. Uvimbe mkubwa wa saratani huwa umeshapenya kwenye mishipa midogo ya damu, na chembe zake huwa zimeshasafiri kwenda kwenye mapafu, mifupa au kwingineko kabla mgonjwa hajafika hospitali. Chembe hizo hazionekani kwa macho, na enzi hizo hakukuwa na kipimo cha kuziona. Ukitoa ini, zenyewe zinabaki. Kisha mgonjwa anapewa dawa za kushusha kinga ili asilikatae ini jipya, na kinga ikishuka, chembe za saratani nazo hupata nafasi ya kukua.

Lakini timu ya Dk Starzl iliona jambo jingine lililowapa matumaini. Wapo wagonjwa waliopandikizwa kwa sababu nyingine, kwa mfano sirosisi, yaani ini lililojaa makovu na kusinyaa. Ini lao lilipopelekwa maabara, ndani yake likakutwa na uvimbe mdogo wa saratani ambao hakuna aliyeujua. Wengi wa wagonjwa hao hawakurudiwa na ugonjwa.

Kumbe tatizo halikuwa saratani yenyewe. Lilikuwa ukubwa wake na muda uliopita.

Kwa wale ambao ini lao lilikuwa bado na nguvu, Dk Starzl aliendeleza njia nyingine. Mwaka 1975 alieleza mbinu ya kukata na kuondoa sehemu kubwa ya ini lenye uvimbe, na kubakiza kipande cha upande wa kushoto. Ini zima lina uwezo wa kukua upya, kwa hiyo kipande hicho huongezeka hadi kutosheleza mahitaji. Mwenye sirosisi hana bahati hiyo, kwani kipande kinachobaki nacho ni kibovu. Huyo ndiye anayehitaji ini jipya.

Dawa zilizobadili mchezo

Hadi mwishoni mwa miaka ya 1970, takriban mgonjwa mmoja tu kati ya watatu waliopandikizwa ini alimaliza mwaka. Ndipo ikaja siklosporini, dawa iliyotokana na kuvu, ambayo Dk Roy Calne wa Cambridge nchini Uingereza alikuwa wa kwanza kuitumia kwa wagonjwa wa upandikizaji. Mwaka 1980 Dk Starzl aliichanganya na steroidi, na walioishi mwaka mmoja wakafikia takriban asilimia 70.

Mwaka 1981 alihamia Chuo Kikuu cha Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania, na mji huo ukageuka kuwa shule ya dunia ya upandikizaji. Madaktari kutoka mabara mbalimbali walikwenda kujifunza kwake. Mwaka 1983 mkutano wa wataalamu ulioitishwa na taasisi za taifa za afya za Marekani uliamua kwamba upandikizaji wa ini si majaribio tena, bali ni tiba.

Hakuridhika. Mwaka 1989 timu yake ilianza kutumia takrolimasi, dawa iliyopatikana kutokana na bakteria wa kwenye udongo wa Tsukuba, Japan. Ilikuwa na nguvu kuliko siklosporini, na mwaka 1994 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha kwa wagonjwa wa ini. Leo ni miongoni mwa dawa zinazotumiwa zaidi na waliopandikizwa ini au figo duniani.

Sentimita tano za Milan

Kadiri upasuaji ulivyofanikiwa ndivyo maini yalivyozidi kuwa machache kuliko wanaoyahitaji. Hapo swali la saratani likawa zito kuliko awali. Ini ukimpa mgonjwa ambaye saratani yake itarudi ndani ya mwaka, umemnyima mwingine ambaye angeishi miaka 20. Ukiwanyima wagonjwa wote wa saratani, utawaacha wafe hata wale ambao wangepona.

Jibu lenye vipimo lilitoka Italia. Machi 1996, Dk Vincenzo Mazzaferro na wenzake wa Taasisi ya Taifa ya Saratani mjini Milan walichapisha matokeo ya wagonjwa 48 wenye sirosisi na saratani ya ini iliyogunduliwa mapema. Waliweka masharti kabla ya kupandikiza: uvimbe uwe mmoja usiozidi sentimita tano, au usizidi mitatu ambayo hakuna unaopita sentimita tatu. Pia saratani isiwe imeingia kwenye mishipa mikubwa wala kutoka nje ya ini.

Baada ya miaka minne, asilimia 75 ya wagonjwa hao walikuwa hai, na saratani ilirudi kwa asilimia nane tu. Maini yaliyotolewa yalipochunguzwa maabara, ikabainika kwamba 13 kati ya wagonjwa hao walikuwa wamevuka masharti bila kujulikana. Miongoni mwao walioishi miaka minne walikuwa asilimia 50. Kwa wale 35 waliokuwa ndani ya masharti, walikuwa asilimia 85.

Vipimo hivyo, vinavyoitwa vigezo vya Milan, vilienea duniani kote. Havijawa ukuta usiopitika. Mwaka 2020 kundi hilohilo la Dk Mazzaferro lilionyesha kwamba baadhi ya wagonjwa wenye uvimbe uliovuka mpaka wanaweza kutibiwa kwanza hadi uvimbe usinyae, kisha wakapandikizwa, na wakaishi muda mrefu kuliko wanaopewa tiba hizo bila kupandikizwa. Lakini hata hapo ukubwa wa uvimbe ndio unaoamua nani anaingia mlangoni.

Daktari aliyeogopa kisu

Katika kitabu cha maisha yake alichokitoa mwaka 1992, Dk Starzl aliandika kwamba moyo wake haukuumbiwa upasuaji, na kwamba hofu ya kumwangusha mgonjwa ilimwandama kila alipoingia kwenye chumba cha upasuaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya yeye mwenyewe kufanyiwa upasuaji wa moyo, aliweka kisu chini na kubaki na utafiti.

Aliwatafuta wagonjwa wake wa miaka mingi nyuma, akagundua kwamba ndani ya damu na ngozi zao kulikuwa na chembe chache za mtu aliyewapa kiungo, zikiishi kwa amani na chembe zao. Akaamini hiyo ni sababu mojawapo ya miili yao kuvizoea viungo hivyo. Wachache waliweza kupunguziwa dawa, wakiwa chini ya uangalizi wa karibu. Msomaji uliyepandikizwa kiungo, usilifanye hilo mwenyewe. Wengi wanaoacha dawa bila daktari hukipoteza kiungo chao, na wengine hupoteza maisha.

Mwaka 2012 yeye na Dk Calne walipewa kwa pamoja tuzo ya Lasker, mojawapo ya tuzo kubwa kabisa za utafiti wa tiba. Alifariki Machi 4, 2017 mjini Pittsburgh, wiki moja kabla ya kutimiza miaka 91.

Kwetu tunafika na uvimbe wa ukubwa gani?

Sasa turudi kwenye swali la ndugu wa mgonjwa. Wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki wanaohitaji ini jipya husafiri hadi India, kwa gharama ambayo familia nyingi haziimudu bila harambee au kuuza mali. Na kwa mwenye saratani, fedha zikipatikana, bado kuna rula ya Milan. Wengi wa wagonjwa wetu hugunduliwa uvimbe ukiwa umepita sentimita tano kwa mbali.

Sababu mojawapo ni kwamba ini halilalamiki mapema. Nyama yake ya ndani haihisi maumivu. Maumivu huanza uvimbe unapolivuta gamba la nje, au tumbo linapojaa maji na macho kugeuka manjano. Anayesubiri kuumwa ndipo aende hospitali, mara nyingi amechelewa.

Habari njema ni kwamba tunazijua njia ambazo saratani hii hupitia. Ya kwanza ni homa ya ini aina ya B. Mwaka 1981 Dk Palmer Beasley na wenzake, waliowafuatilia zaidi ya wanaume 22,000 nchini Taiwan, walionyesha kwamba wenye kirusi hicho cha kudumu walikuwa na hatari ya saratani ya ini zaidi ya mara 200 kuliko wasio nacho. Njia nyingine ni homa ya ini aina ya C, pombe nyingi, na sumukuvu.

Sumukuvu hutoka kwenye ukungu unaoota katika mahindi na karanga zisizokauka vizuri. Ikiwa nyingi huua kwa siku chache. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua na 125 walikufa baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Ikiwa kidogo kidogo kwa miaka, huandaa saratani, na kwa mwenye homa ya ini B hatari huongezeka maradufu na zaidi.

Kwa hiyo mambo ya kufanya ni haya. Pima homa ya ini B na C, hata kama huumwi. Ukikutwa huna kirusi cha B wala kinga yake, omba chanjo. Mtoto apate chanjo zake zote za wiki ya 6, 10 na 14, kwani chanjo ya homa ya ini B imo ndani yake. Shirika la Afya Duniani pia linashauri dozi ya kwanza itolewe ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa, hivyo mjamzito aulize kliniki kuhusu kipimo chake na dozi hiyo.

Ukikutwa na aina ya B, zipo dawa za kukidhibiti kirusi. Aina ya C sasa inaponyeka kwa vidonge, kwa kawaida ndani ya miezi mitatu. Mahindi na karanga vikaushwe kwenye turubai, si juu ya udongo, vihifadhiwe pakavu, na vilivyoota ukungu visiliwe wala visikobolewe “kuokoa hasara”.

Na la mwisho ni la wale ambao tayari wana sirosisi, au wameambiwa na daktari kwamba homa yao ya ini B inawaweka kwenye hatari kubwa. Hao wapigwe altrasaundi ya ini kila baada ya miezi sita, na inapowezekana wapimwe pia damu kwa kipimo kiitwacho AFP. Miezi sita haikuchaguliwa kwa kubahatisha. Ni muda ambao uvimbe ulioanza unaweza kuonekana ukiwa bado na sentimita mbili au tatu, wakati unaweza kukatwa, kuchomwa kwa sindano maalumu, au mgonjwa kupandikizwa ini kwa matumaini ya kweli.

Ukienda kliniki wiki hii, muulize daktari mambo mawili: je, nimewahi kupimwa homa ya ini? Na kama ninayo, altrasaundi yangu ijayo ni lini? Andika tarehe atakayokupa, na uende siku hiyo hata kama unajisikia mzima.